Fomu Tatu za Disemba

Pale Shirika la Majosho hakuna aliyekiita kitendo kile kosa. Kiliitwa kuachiana. Mtu akikaribia kwenda likizo aliketi mezani jioni ya mwisho, akatia sahihi fomu tatu za kupokea mali zikiwa tupu, bila tarehe, bila idadi, bila jina la mzigo, akamkabidhi mwenzake na kumwambia, "Haya, nimekuachia." Mwenzake alizifungia kwenye droo, wakaagana, basi. Shirika lenyewe lilikuwa dogo: jengo la mabati nyuma ya viwanda vya Eldoret, stoo moja, malori mawili, na kazi ya kusambaza dawa ya kupe kwenye majosho ya ng'ombe kuanzia Sugoi hadi Burnt Forest. Kanuni ilitaka kila mzigo upokelewe kwa sahihi mbili, ya mwenye stoo na ya mkaguzi. Mmoja asipokuwepo, lori lilisimama getini, meneja alifoka, na wakulima walianza kupiga simu.

Mkaguzi alikuwa Priscah, mjane wa miaka hamsini na minane, aliyeitwa na wote Mama Joy kwa jina la binti yake. Alikaa Kapsoya, na shamba la marehemu mumewe lilikuwa Sugoi. Mwenye stoo alikuwa Waiyego, Mama Kabiru, wa mtaa wa Munyaka, mwanamke mwembamba mwenye kicheko kikubwa kuliko mwili wake. Likizo ya Priscah ilikuwa mwisho wa Machi, mvua inapokaribia na trekta ya kukodi haimngoji mtu. Ya Waiyego ilikuwa Disemba, alipokwenda Ol Kalou kwa mama yake. Kwa hiyo Machi Priscah alimwachia Waiyego, na Disemba Waiyego alimwachia Priscah, mwaka baada ya mwaka.

Mtu wa nje atasema huo ni upumbavu, na hatakuwa amekosea. Lakini sahihi tupu humwachii mtu yeyote tu. Januari ya mwaka 2008, katika vurugu za baada ya uchaguzi, nyumba ya Waiyego ilichomwa kule Burnt Forest, akafika Eldoret na watoto wawili, blanketi moja na mfuko wa plastiki wenye karatasi zake zote: vyeti vya shule, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, barua ya kuajiriwa, hati ya shamba. Aliwekwa pamoja na maelfu ya wenzake kwenye uwanja wa maonyesho, ndani ya hema linalovuja. Priscah alimpelekea maziwa hadi kwenye ua, na Waiyego akampitishia ule mfuko kati ya nyaya. "Hapa zitaoza," alimwambia. "Niwekee." Priscah aliziweka kwenye mkoba wa ngozi alimohifadhi vyeti vyake mwenyewe, chini ya kitanda, katika miezi ambayo kupatikana na jina la kabila lililowindwa, kama la Waiyego, ndani ya nyumba kungeweza kumletea vijana mlangoni. Walikuja kweli, mara mbili, wakiuliza kama anaficha mtu. Hakutikisika. Baada ya miezi saba alimrudishia zote, hakuna hata moja iliyokunjika pembe. Tangu siku hiyo Waiyego alikuwa akiwaambia watu, "Karatasi yangu ikiwa kwa Mama Joy haipotei."

Sasa kuhusu meneja. Jina lake Kipkemboi, mtu nadhifu, mzee wa kanisa, na alikuwa mtu wa mdomo. Alisimama mlangoni mikono mfukoni, akasema anachotaka, akaenda zake. Kwa miaka sita hakuna aliyewahi kumwona akiandika agizo. Barua alimwachia karani aandike, na chini yake aliweka sahihi ya kusema ameona. Wafanyakazi walidhani ni uvivu. Maskini wao.

Mara moja tu aliandika. Ilikuwa Disemba, siku moja kabla Waiyego hajafunga safari. Kipkemboi alikuwa ametoka kung'olewa gego asubuhi ile, shavu limefura, mdomo umejaa pamba, hawezi kutamka neno. Alichukua kikaratasi cha njano cha kubandika, akaandika kwa kalamu yake ya wino wa kijani: "Mama Kabiru aache fomu 3 zimesainiwa, apewe Mama Joy. K." Akakibandika kwenye meza ya Waiyego na kuondoka akishika shavu. Waiyego alicheka hadi akatoa machozi. "Leo meneja ameandika kwa mkono wake! Mama Joy, hii tutie kwa fremu." Alitia sahihi fomu tatu, akabandika kile kikaratasi juu yake kwa mzaha, akampa Priscah. Ofisi ilikuwa inapakwa rangi wiki hiyo na droo zote zilikuwa nje kwenye veranda. Priscah akaenda nazo nyumbani, akazitia kwenye mkoba wa ngozi.

Mwanzoni mwa Januari, Waiyego akiwa bado Ol Kalou, meneja alikuwa amepona mdomo. Alimjia Priscah na kumwagiza ajaze fomu moja kati ya zile tatu: madumu sitini ya dawa. Priscah aliingia stoo akahesabu arobaini. "Hizo zingine ziko njiani, Mama," alisema Kipkemboi. "Wewe andika. Na tarehe, weka ya kabla Mama Kabiru aende." Priscah aliandika. Hakupewa hata shilingi moja, na hilo amelishikilia mpaka leo, kana kwamba asiyelipwa hakufanya. Fomu mbili zilizobaki na kikaratasi chake alizirudisha mkobani, zingoje Disemba nyingine.

Machi ikafika zamu yake. Aliacha fomu tatu kwa Waiyego, akaenda Sugoi kupanda mahindi. Siku alipokuwa nyuma ya trekta akiokota mizizi, kule mjini Kipkemboi alisimama kwenye mlango wa stoo akamwambia Waiyego ajaze fomu moja: madumu mia mbili. Waiyego naye alijaza.

Mwezi Juni ng'ombe walianza kufa. Waliogeshwa kila Alhamisi kama kawaida, walitumbukia kwenye josho na kutoka upande wa pili wakichuruzika, na kupe bado wanatembea masikioni mwao. Tezi zilivimba, homa ikapanda, siku ya saba mnyama alilala asiamke. Priscah alipoteza ng'ombe wake mwekundu aliyekuwa akimlipia Joy karo ya chuo. Jirani yake alipoteza wanne kwa wiki mbili, akakaa kwenye nyasi karibu na mizoga, hataki kuongea na mtu. Mkulima mmoja wa Burnt Forest alichota maji ya josho kwenye chupa ya soda, akapanda hadi kwenye ofisi ya tume ya kupambana na ufisadi pale mjini, akaiweka juu ya meza ya mapokezi. "Nipimieni hii," alisema, akaondoka.

Waliipima. Mwezi Agosti watu wanne wa tume walifika Shirika na barua, wakafunga stoo kwa utepe, wakachukua sampuli za kila dumu, na wakabeba faili kwenye katoni kumi na moja. Hawakupiga kelele, hawakumtisha mtu. Kiongozi wao alikuwa mwanamke aitwaye Adoyo, mwenye miwani na sauti ya mwalimu wa shule ya msingi. Aliandika orodha ya kila alichochukua, hata daftari la wageni, akamwomba Kipkemboi aisome na kutia sahihi. Kipkemboi aliisoma mara mbili kabla ya kuigusa kalamu.

Majibu ya maabara yalisema ndani ya madumu kulikuwa na maji, sabuni na rangi. Kampuni iliyoyauza ilikuwa na anwani Nairobi, na kwenye anwani hiyo wapelelezi walikuta kinyozi. Mwenye kampuni alikuwa ameshavuka mpaka. Zilibaki karatasi, na karatasi zilikuwa na majina mawili.

Priscah aliitwa ofisi ya tume, ghorofa ya tatu, siku ya Jumanne. Kwanza alipewa karatasi nyeupe na kuambiwa atie sahihi yake mara ishirini, kisha mara ishirini nyingine akiwa amesimama. Adoyo alimletea chai.

"Mama, nitakueleza wazi," alisema Adoyo. "Hii sahihi yako, mtaalamu atasema ni yako au si yako. Usinidanganye hapo."

"Ni yangu."

"Uliona hayo madumu mia mbili?"

"Sikuona. Nilikuwa shamba. Niliacha fomu tupu."

Adoyo aliacha kuandika, akamtazama. Priscah alieleza habari ya likizo, mvua na trekta. Ilimtoka yote kwa pumzi moja na akahisi nafuu, kwa maana aliamini ukweli huo utapanda ngazi wenyewe: yeye atamtaja Waiyego, Waiyego atamtaja meneja, na mambo yataishia kwa mwenyewe.

"Mliachiana hivyo mara ngapi?" aliuliza Adoyo.

Hapo ndipo Priscah alipouona ule mkoba wa ngozi machoni pake. Aliziona fomu mbili, kikaratasi kinachosema tatu, na swali linalofuata: ya tatu iko wapi? Iko kwenye katoni zenu, angejibu, imejazwa kwa mwandiko wangu. Alikuwa amebakisha miaka miwili astaafu. Joy alikuwa mwaka wa pili chuoni.

"Mara hiyo moja tu," alisema.

"Na wewe, umewahi kuachiwa?"

"La."

Adoyo aliandika. Alipomaliza alimpa asome kila ukurasa na kutia sahihi, kisha akamsindikiza mpaka kwenye ngazi. "Mama, sisi tunapeleleza tu, hatushtaki. Faili itaenda Nairobi kwa waendesha mashtaka, na huko wanataka karatasi. Huyo Mama Kabiru anasema meneja ndiye alimwambia ajaze. Mimi binafsi namwamini. Lakini meneja anasema aliona fomu ina sahihi mbili, akaidhinisha malipo, na hiyo ndiyo kazi yake. Ni neno kwa neno. Kama uko na kitu chochote chenye mwandiko wake, hata kama ameandika tu kuagiza chai, niletee. Hata kama ni saa gani." Alimpa kadi yenye nambari ya simu.

Adoyo alifanya kazi yake, tusimsingizie. Alirudi Shirika mara tatu, alipekua kapu la taka za karatasi, alimhoji mpaka mpishi wa chai. Alitafuta wino wa kijani katika katoni kumi na moja na hakupata zaidi ya sahihi za kusema "nimeona".

Novemba, Jumamosi moja saa nne asubuhi, Waiyego alifika Kapsoya. Alikuwa amekonda zaidi. Mwanawe Kabiru, aliyekuwa na duka la vifaa vya simu, alikuwa ameliuza ili amtafutie wakili. Waliketi jikoni, Priscah akachemsha chai, na kwa muda walizungumza habari za mama yake Waiyego na magoti yake.

"Mama Joy," hatimaye Waiyego alisema, "zile fomu zangu za Disemba bado uko nazo?"

Priscah alikoroga chai isiyohitaji kukorogwa.

"Na ile karatasi ya njano. Wakili anasema hiyo ndiyo tu inaweza kumfikia Kipkemboi. Inaonyesha ni yeye alikuwa anatuambia tuache. Bila hiyo mimi ndio mwizi, nimejaza peke yangu."

"Wakiona hiyo wataniuliza ya tatu."

"Watakuuliza." Waiyego hakukwepesha macho. "Najua wewe ndio ulijaza. Mimi sijasema kwa mtu, hata wakili. Tutaingia wote wawili, Mama Joy, sikudanganyi. Lakini yeye pia ataingia. Na pengine wakiona tuliambiwa, watatuhurumia. Mimi peke yangu hawatanihurumia."

"Nitatafuta," alisema Priscah. "Sijui niliweka wapi."

Waiyego alicheka kidogo, kile kicheko chake, na kumgusa mkono. "Wewe? Karatasi yangu ikiwa kwako haipotei." Alimaliza chai yake, akaosha kikombe, akaondoka kwa miguu kuelekea stejini kupanda matatu.

Siku hiyo Priscah aliutoa mkoba na kuuweka mezani. Zilikuwepo. Wino wa kijani haukuwa umefifia hata kidogo. Aliishika kadi ya Adoyo, akabonyeza nambari zote isipokuwa ya mwisho, akafuta. Alifanya hivyo siku tatu. Alikuwa mwoga, na alijua ni mwoga, na kujua hakukumsaidia. Alijiambia kwamba Waiyego ana mtoto mkubwa wa kumtunza, kwamba mahakimu huwaonea wanawake wazee huruma, kwamba pengine kesi haitafika popote kama kesi nyingi. Siku ya nne ilikuja barua. Upande wa mashtaka ulikuwa umeamua: Waiyego atashtakiwa pamoja na mwenye kampuni asiyejulikana aliko, na Priscah, kwa kuwa alikiri mapema na alikuwa na fomu halali ya likizo, atakuwa shahidi. Jina la Kipkemboi halikuwa kwenye ukurasa wowote. Alikuwa amehamishiwa kituo kingine, na huko alipandishwa cheo.

Kesho yake asubuhi Priscah alikuwa akitayarisha kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandisha. Alikuwa amewasha kijiti cha mti wa senetwet, anangoja kigeuke kaa la kupaka ndani ya kibuyu, kama mama mkwe wake alivyomfundisha. Aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na fomu mbili na kile kikaratasi. Alivitia motoni vyote kwa mpigo. Fomu zilijikunja na kuwaka haraka. Kile cha njano kilipeperushwa na moshi, kikatua pembeni mwa jiko kikiwa kizima, na ilimbidi akiokote na kukirudisha kwa mkono wake mwenyewe. Mara moja ingeweza kusemwa ni hofu tu. Mara ya pili alikisoma kabla ya kukitupa. Maziwa ya kibuyu kile alishindwa kuyanywa, akampa jirani.

Kesi ilisikizwa mwaka uliofuata, mwezi Machi, wiki ambayo alipaswa kuwa Sugoi akipanda. Priscah alivaa suti yake ya kanisa. Waiyego alikuwa kizimbani, amefunga kitambaa cha buluu, amekaa wima. Adoyo alikaa nyuma ya mwendesha mashtaka na katoni miguuni. Hakimu alikuwa mzee aliyeandika kila jibu kwa mkono, polepole, na mahakama nzima ilingoja kalamu yake kila baada ya sentensi.

Priscah aliitambua fomu. Aliitambua sahihi yake. Alisema aliiacha kwa nani, na alipoambiwa amwonyeshe mtu huyo, alinyoosha kidole. Waiyego alimwitikia kwa kichwa taratibu, kama anayesema, endelea, hiyo ni kweli.

Kisha wakili wa Waiyego alisimama. Alikuwa kijana asiye na karatasi hata moja mkononi, na alijua hana.

"Mama Priscah, mliachiana fomu wewe na mshtakiwa?"

"Mimi nilimwachia. Mara moja."

"Yeye hakukuachia fomu tatu mwezi wa Disemba, zikiwa na agizo la meneja kwa wino wa kijani?"

"Hakuniachia."

Adoyo aliinua kichwa pale alipokuwa, akavua miwani. Mtu asiyejua angeuliza ni agizo gani na wino gani; shahidi huyu hakuuliza. Alimwangalia Priscah, na Priscah alimwona akijua. Lakini kujua hakuna sahihi. Adoyo alivaa miwani tena na kutazama katoni.

Wakili alisita. Alimgeukia Waiyego, kisha akauliza kwa upana, kama mtu anayerusha wavu wa mwisho. "Basi hebu tuambie. Mshtakiwa huyu, amewahi kukupa karatasi yake yoyote umwekee?"

Priscah alifungua mdomo. Alifikiria haraka: akisema ndiyo, hata moja, wakili ataivuta hiyo moja mpaka zitoke zote.

"Hapana," alisema.

Hakimu alisimamisha kalamu. Alikuwa mtu wa kutaka kuandika jambo likiwa kamili. "Hapana mwaka huo, Mama, au hapana kabisa? Niandike nini?"

"Kabisa," alisema Priscah. "Katika maisha yangu, huyu mama hajawahi kunipa karatasi niweke."

Kalamu iliandika. Waiyego, aliyekuwa amekaa wima tangu saa tatu asubuhi, ambaye alisomewa mashtaka bila kutoa chozi na kusikia bila kutikisika kwamba duka la Kabiru halikutosha hata ada ya wakili, alijifunika uso kwa ncha ya kitambaa chake cha buluu akaanza kulia kwa sauti. Hakimu aliuliza kama mshtakiwa ni mgonjwa. Karani alimletea maji. Priscah aliambiwa anaweza kushuka, na alishuka akishikilia ubao kwa mikono yote miwili.